Kasha la Tatu, Upande wa Kulia

Gerezani, Dar es Salaam
Jumatano, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zamda,

Shikamoo. Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umekuachia walau upate kulala, na mwanao Hajira anakula vizuri huko Tanga. Mimi mwili wangu ni mzima. La zaidi ya mwili utalisoma mbele.

Utastaajabu kupata karatasi kutoka kwa mdogo wako uliyezungumza naye kwa simu wiki iliyopita tu. Sababu ni mbili. Kwanza, jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu wewe hunikatiza, nami huwa nafurahi kukatizwa. Pili, nimesikia kwamba Ijumaa baada ya swala akina shangazi watakutana kwako kuamua kama Hajira arudi kwa mumewe au abaki, kwa hoja kwamba mwanamume asiyesikia la mkuu hafai kuachiwa mtoto wa watu. Naomba kabla hawajaanza, wasomewe maandishi haya. Neno la simu mtu anaweza kulikana kesho. Hili sitaweza kulikana.

Kazi yangu unaijua kwa jina, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza ilivyo. Tangu niache kufundisha fizikia, huu mwaka wa sita, nasimamia ghala katika karakana ya vioo ya Bwana Umakant. Watu hudhani kioo ni kitu dhaifu. Kikisimama wima, kioo hubeba mengi. Kikilazwa ndipo huvunjwa na uzito wake chenyewe. Kwa hiyo hatukilazi. Tunakisimamisha kwenye stendi yenye umbo la A, kimeegemea nyuma kidogo, chini tumeweka mbao zenye mpira ili kisiguse saruji, na kati ya kioo na kioo tunapachika vipande vya koki, laini kama vizibo vya chupa. Tunapoitoa mizigo, tunatoa kulia kimoja na kushoto kimoja, maana ukimaliza upande mmoja, stendi huulalia upande wa pili na kuwafuata waliosimama hapo. Na kioo kinachoanguka hakidakwi. Hilo nimewakaririsha mafundi wote: kikienda, kiache kiende. Chiku, dereva wetu wa foklifti, amelifanya utani. Kila mchumba anapomkimbia huja ofisini kwangu na kuniarifu kwa heshima zote, Mwalimu, kimekwenda, nimekiacha.

Adui mwingine wa kioo ni maji. Unyevu ukiingia kati ya vioo viwili vilivyobanana na kukaa humo wiki kadhaa, huacha madoa ya rangi mchanganyiko, kama mafuta juu ya dimbwi, na hayafutiki kwa dawa yoyote. Mwezi wa tatu mwaka huu tulipokea shehena nzima yenye madoa hayo. Aliyetuuzia alikataa kuirudisha, akisema tumeyagundua baada ya kushusha, hivyo maji huenda ni ya kwetu. Bwana Umakant hakunigombeza. Alisema tu kwamba marehemu baba yake angeyaona kabla. Dada, unanijua. Ningependa zaidi anitukane.

Nije kwenye siku yenyewe. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, kontena lilifika kutoka bandarini. Ndani mlikuwa na vioo vya dabo: vioo viwili vilivyofungwa pamoja kwenye kingo, katikati pakaachwa nafasi yenye hewa kavu, ili joto la nje lisiingie chumbani. Ni vizito maradufu, na gundi ya kingo zake haitaki kutikiswa wala kuegemezwa kona. Vilikuwa vya zahanati moja inayojengwa Upanga. Makasha yalikuwa kumi, matano kulia na matano kushoto, kila safu imeegemea ukuta wake, na katikati pamebaki ujia wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Makasha hayo huzuiwa yasiangukie ujiani kwa magongo ya mbao yanayokatiza kutoka safu hadi safu. Kila jozi ya makasha na gongo lake. Lakini kontena lilikuwa limefunguliwa njiani kwa ukaguzi, na waliolifunga upya, nisiowajua na nisiowataja, walirudisha magongo matatu. Mawili yaliyobaki hatukuyaona popote.

Uani kwetu palikuwa pamejaa. Goodluck, dereva wa lori, akaegesha mtaani kando ya mtaro, mahali ambapo barabara imelala. Nilipanda nyuma nikaweka pima maji kwenye sakafu ya kontena. Kiputo cha hewa hukimbilia upande ulio juu. Chetu kilikimbilia kulia mpaka kikavuka mstari. Maana yake, kontena liliinama kushoto, na safu ya kulia, iliyopaswa kuegemea ukuta wake, sasa ilikuwa inauacha na kuutazama ujia. Niliandika kipimo hicho kwenye daftari pamoja na saa.

Mkweo Sadalla akaingia. Kwa nini aliingia nitasema. Kwanza ujue lililompata.

Alipita gongo la kwanza akiinama, akafika kwenye kasha la tatu upande wa kulia, akalegeza gongo lake apate kuifunua plastiki. Sikusikia kishindo. Nilisikia mbao ikikwaruza bati, kisha sauti ya Sadalla ikiita mara moja, fupi, kama mtu aliyeshtuliwa na maji baridi. Kasha lilikuwa limeinuka kwenye ukingo wake wa chini na kumjia. Gongo alilolilegeza lilianguka mshazari likakwama juu ya kichwa chake, na hilo ndilo lililolizuia lisimmalize. Lakini nyonga yake na paja la kushoto vilikuwa vimebanwa kati ya kasha hilo na lile la upande wa pili. Kasha lina uzito unaopita tani moja. Gongo lilikuwa la msonobari, nene kama mkono wangu.

Huku mtaani Gerezani watu hawahitaji kuitwa. Kabla sijashuka, mafundi wa spea, wasukuma mikokoteni na wauza maji walikuwa wameshajaa mlangoni mwa kontena, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Wengi walitaka tuingie wote tulisukume kasha kwa nguvu ya umma. Goodluck alitaka awashe lori alisogeze mahali tambarare. Niliwakatalia wote. Aliyepanda angetikisa sakafu, na lori likinguruma lingetikisa kila kitu, na hatukuwa na kitu cha kutikisika. Kwa kasha lile tulikuwa na gongo moja. Nilimwagiza Goodluck aondoe ufunguo na apachike mawe kwenye matairi yote. Nikaweka tena pima maji. Hapo mtu mmoja mwenye fulana nyekundu alinishika ukosi, akaniuliza mbele ya watu, we mzee, mwenzio anakufa, wewe unapima fenicha? Chiku alisimama mlangoni na mtaimbo wake, akatangaza kwamba wa kwanza kupanda atazikwa na viatu vyake. Hakuna aliyepanda.

Niliwaza hivi. Kasha halikuhitaji kusukumwa. Lilihitaji kupunguziwa hamu ya kuanguka. Kilichokuwa kimelala si kasha peke yake, ni lori zima. Tukiinua ubavu wa kushoto wa lori, safu ya kulia itaanza kurudi kwenye ukuta wake, na mzigo utaliacha gongo. Na kama kuna mahali katika nchi hii ambapo mtu anaweza kupaza sauti akaletewa jeki nane kwa dakika tatu, ni Gerezani. Yule yule mwenye fulana nyekundu alileta mbili, moja kila mkono, akikimbia.

Tulizipanga chini ya chesisi juu ya vipande vya mbao. Niliwaambia wote watazame mkono wangu. Nikiinua kidole, kila mmoja apige mpini mara moja, moja tu, kisha asubiri, na mwingine apachike ubao chini ya chesisi ili jeki ikiteleza lori lisishuke. Hivyo tulikwenda, pigo moja, ubao, kimya. Pigo moja, ubao, kimya. Walioanza kwa kelele wakawa wanasema kwa kunong'ona, kama wako msibani.

Sadalla alikuwa akizungumza. Mwanzoni Chiku alimuuliza hali, akajibu kwamba amebanwa kama bwana harusi katikati ya makungwi, na watu wakacheka vicheko vya woga. Baadaye hakujibu utani. Nilimwomba aniambie kila anachosikia, kwa kuwa yeye alikuwa karibu na gongo kuliko sote. Aliniambia, Mjomba, linalia. Nikamuuliza linalia vipi. Akasema kama kitanda cha kamba mtu mnene anapogeuka. Nikamwambia hiyo ni sauti ya kamba kukazana, si ya mbao kuvunjika. Sikuwa na uhakika huo. Nilimwambia kwa sababu alihitaji kuambiwa.

Kiputo kilirudi katikati dakika ya ishirini na sita. Gongo liliendelea kulia. Kilipovuka na kuanza kwenda kushoto, likanyamaza, na Sadalla akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa anaweza kuvuta pumzi mpaka chini. Chiku, ambaye ndiye mwembamba kuliko sote, akatambaa kwa tumbo na mkanda wa kukazia wenye kishikio cha meno, akauzungusha kwenye kasha na kuufunga kwenye pete ya ukuta wa kulia. Kila alipokaza meno mawili, sisi nje tulipiga jeki moja, naye akachomeka kabari kwenye nafasi iliyopatikana. Kasha lilirudi kama mlango mzito unavyofungwa na mtu asiyetaka kuamsha wenyeji. Tulimtoa Sadalla miguu ikitangulia, juu ya ubao, dakika ya arobaini na moja. Hakuna kioo hata kimoja kilichopasuka. Nyonga yake imevunjika mahali pawili na mguu una ufa. Daktari anasema atatembea, ila si mwaka huu bila magongo ya kutembelea, na mizigo hatabeba tena.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Bwana Umakant alinishika bega mbele ya umati na kusema kwa sauti kwamba leo Mwalimu ameokoa mtu kwa kanuni zake. Watu walipiga makofi. Mwenye fulana nyekundu aliniomba radhi. Nami, dada, nilisimama pale nikayapokea makofi.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Kanuni za kupokea mzigo katika karakana ile nimeziandika mimi. Baada ya aibu ya mwezi wa tatu nilizipitia upya, na katika ukurasa wa tano niliongeza kwa mkono wangu kwamba makasha yakaguliwe unyevu yangali ndani ya kontena, kabla hayajaguswa, ili muuzaji asipate pa kukimbilia. Ili kuyakagua, lazima mtu aingie ujiani na alegeze gongo. Nililiwazia doa la maji kwa wiki nzima, nikapima, nikalinganisha, nikachora hata picha. Mwili wa mtu katika ujia ule sikuuwazia kwa muda wa kunywa chai. Kanuni ilikilinda kioo dhidi ya kila kitu, ikamwacha mlinzi wake bila ulinzi.

Na si ukurasa tu. Asubuhi ile Sadalla alisita. Alitazama barabara, akaniambia, Mjomba, gari limelala hili, si tungoje uani papatikane nafasi? Nilikuwa na kipimo mkononi kinachosema anachosema yeye. Nilimjibu kwamba ni nyuzi mbili tu, aingie haraka. Aliingia kwa kutii.

Watu wakiwa bado mtaani wanakusanya jeki zao, nilipanda ofisini, nikafungua jalada, nikautoa ukurasa wa tano na kuurudisha ule wa zamani, unaosema kwamba mtu asiingie kontena lisilo sawa. Mkaguzi wa usalama kazini alipofika alasiri, mama mmoja mpole, aliusoma huo, kisha akaniuliza Sadalla aliingiaje. Nilisema aliingia mwenyewe, ni mbishi. Bwana Umakant aliandika vivyo hivyo. Na jioni ile ulipopiga simu ukilia, nilikwambia neno hilohilo, mkweo mbishi, na wewe ukalichukua kwa imani kwa kuwa limetoka kwangu.

Dada, sikusema uongo ule kwa kubahatisha. Mimi ni mtu wa kupima. Nilijua kwamba Sadalla anaweza kunisuta, nikajiuliza kama atanisuta, nikapata jibu kwamba hatanisuta. Mkwe hambishii mama mkwe, wala hamtaji kwa ubaya mjomba wa mkewe mbele ya watu, hasa aliyempatia kazi. Ulipompigia Alhamisi hospitalini ukamwambia ubishi wake ndio utakaomfanya binti yako mjane, alikwambia nini? Alikwambia, nisamehe mama. Muuguzi aliyekuwepo amenisimulia. Niliiegemea adabu ya kijana yule, nikijua kwamba itanizuia nisianguke, na kwamba mbavu zitakazobanwa ni zake. Akitajwa mbishi kwenye taarifa ya mkaguzi, fidia ya ulemavu wake hana, na wewe ungemnyang'anya mke juu ya hayo.

Juzi Jumatatu nilikwenda hospitalini na ukurasa wa tano mfukoni. Nilimwamkua kabla hajaniamkia, akashtuka. Nikamsomea ukurasa wote, nikamweleza nilivyoutoa na kwa nini. Alinisikiliza akiitazama dari. Nilipomaliza, alisema kwamba karatasi ile hajawahi kuisoma, na hata ingekuwa imebandikwa mlangoni asingeisoma. Aliingia kwa sababu nilisema mimi. Basi. Nikamwomba msamaha. Hakunipa, wala hakuninyima. Aliniomba nimsogezee maji. Nilipokuwa natoka, alinirudisha, akaniambia kwamba kwa mkaguzi nifanye nitakavyo, lakini mama asikie kwa mdomo wangu, maana yeye hawezi kumwambia mama kwamba kaka yake ni mwongo.

Leo saa mbili asubuhi nimempelekea mkaguzi ukurasa wa tano pamoja na daftari lenye kipimo. Aliniuliza kama naelewa ninachofanya. Nikamwambia naelewa. Akanipa karatasi, nikaandika nani aliingia, kwa amri ya nani, na mteremko ulikuwa nyuzi ngapi, nikatia sahihi. Kisha nikamwendea Bwana Umakant. Alisoma nakala yangu mara mbili, akavua miwani. Aliniomba funguo za ghala. Nimempa. Yatakayofuata, ya kazi au ya sheria, siyajui, wala sikuandikii uyazuie.

Ninalokuomba ni moja. Mpigie mkweo wewe mwenyewe, usimtume Hajira, na usimwache akuombe radhi, kwa maana ukimwachia nafasi atakuomba. Kisha barua hii isomwe Ijumaa mbele ya shangazi zetu wote, kwa sauti, bila kuruka mstari kwa kunionea haya. Hajira awepo.

Nisalimie shemeji na watoto wa jirani wanaokuchotea maji. Bibi Mwanne mwambie dawa yake ya macho nimeipata Kariakoo, inakuja na basi hilihili la kesho alfajiri pamoja na bahasha hii. Usinijibu mpaka uwe umezungumza na Sadalla, na kama baada ya hapo utaona huna la kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi, mdogo wako,
Abdulkadiri